Tathmini ya Mwaka ya Mkusanyaji Santuri: Tumesikia Gitaa, Je, Tumesikia Kiswahili?

Kila ifikapo mwezi wa Desemba, wanamuziki wa kujitegemea na wakusanyaji wa santuri huwa na desturi yao. Mmoja hukaa na rundo la santuri alizozipata katika mwaka, akazipanga, akachagua kumi au ishirini, kisha akaandika: huu ndio mwaka wangu, hizi ndizo nilizozipenda, hii imezishinda zote. Jarida letu nalo linafunga mwaka kwa toleo hili. Kwa kuwa wenzangu wameandika kuhusu mitihani, mafunzo ya vitendo na vitabu vipya vya riwaya, mimi nimeona niuchambue utanzu huu mdogo ambao walimu wa lugha hatuna mazoea ya kuuita utanzu.

Makala haya hayana lengo la kuwadharau wakusanyaji. Kama si wao, sauti nyingi za wazee wetu zingekuwa zimekwisha kutupwa jalalani pamoja na gramafoni zao. Lengo langu ni kuuliza swali moja: mkusanyaji anapotoa hukumu yake ya mwaka, amesikiliza nini na ameacha nini? Na sisi tunaofundisha Kiswahili tumesikiliza nini na tumeacha nini?

Sifa za utanzu wenyewe

Msomaji akizisoma tathmini za namna hii ataona zinafanana. Kwanza, ni fupi: kila santuri hupewa mistari miwili au mitatu. Pili, zinapanga daraja, lakini mara chache zinaeleza kwa nini ya tatu imeishinda ya nne. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, zinasifu sauti kuliko maneno. Utasoma habari za gitaa, ngoma, ubora wa unasaji, uhaba wa santuri yenyewe na jinsi ilivyopatikana. Kama wimbo umeimbwa kwa lugha asiyoijua mwandishi, lugha hiyo hutajwa kwa jina tu, kisha anaendelea na mengine. Hapo wimbo umegeuka kuwa ala.

Si kosa kubwa. Mtu huandika anachokisikia. Lakini ukitaka kuupima utanzu wowote, usiupime kwa mifano yake dhaifu. Chukua mfano ulio bora. Kwa sababu hiyo nimeuchagua mwaka mmoja ambao kwa maoni yangu ndio uliotuletea hukumu ya mwaka iliyo bora kuliko zote katika eneo letu la maziwa makuu na jirani zake. Mwaka huo ni 1952.

Mwaka 1952 mjini Jadotville

Hugh Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akahamia kusini mwa Afrika akiwa kijana. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akisafiri na mitambo ya kunasia sauti, kutoka Afrika Kusini hadi Uganda na Kongo. Mwaka 1954 alianzisha taasisi ya kuhifadhi muziki wa Afrika, na mfululizo wake uitwao "The Sound of Africa" una santuri zaidi ya 200. Wanaoeleza kazi yake husema kwamba alipenda kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiisogeza kutoka kwa mwimbaji kwenda kwenye ala na kuirudisha, kadiri alivyoona kinachostahili kusikika wakati ule. Naomba wanafunzi waukumbuke mkono huo, maana tutarudi kwake.

Mwaka 1952 Tracey alikuwa Katanga, katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville na ambao leo ni Likasi. Huko alikutana na kijana aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, jina lake Mwenda Jean Bosco, akipiga gitaa bila bendi. Alimnasa. Miongoni mwa nyimbo alizonasa ni "Masanga", iliyotolewa kwenye santuri za Gallotone na kuuzwa sehemu nyingi za Afrika. Chama cha Muziki wa Afrika ambacho Tracey alikuwa mwanzilishi wake kilikuwa na tuzo ya kila mwaka iliyoitwa tuzo ya Osborn, ya kuteua muziki bora wa Kiafrika wa mwaka. "Masanga" ikapata nafasi ya kwanza kwa mwaka 1952.

Hiyo basi ndiyo tathmini ya mwaka: mkusanyaji na chama chake walipitia santuri, wakapanga, wakasema hii ndiyo bora. Na kwa hakika hawakukosea. Mwenda hakubaki kuwa mshindi wa mwaka mmoja. Alifika Nairobi mwaka 1959, alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani mwaka 1969, na aliendelea kutafutwa na wapiga gitaa wa mbali hadi alipofariki mwaka 1990. Ni hukumu chache za mwaka zinazobaki kuwa kweli baada ya miaka zaidi ya sabini.

Mpiga ngoma na sanduku la mkusanyaji

Wengi wetu hatukuisikia kazi hiyo kwenye santuri za Gallotone, kwa sababu hizo zimekwisha kuwa mali ya watu wachache. Tumeisikia kupitia mtu wa pili. Michael Baird ni mpiga ngoma, mzaliwa wa Zambia, aliyeweka makao yake Uholanzi na kuanzisha kampuni ndogo ya kutoa muziki iitwayo SWP Records. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 aliingia katika hifadhi ya Tracey, akasikiliza, akachagua, akasafisha sauti, akatoa mfululizo wa diski zipatazo ishirini. Majina ya diski hizo yanavutia, kwa sababu mengi yamebeba miaka mgongoni: muziki wa ikulu ya Mwami wa Rwanda 1952, muziki wa Ukingo wa msitu wa Ituri 1952, muziki wa ikulu za Uganda 1950 na 1952. Ukiziweka pamoja, unapata kama shajara ya msafiri mmoja na miaka yake.

Diski ninayotaka kuipitia ni ile iitwayo "Origins of Guitar Music", yenye nyimbo zilizonaswa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia kati ya 1950 na 1958. Mwenda ndiye nguzo yake.

Nianze na sifa zake. Baird ni mwanamuziki, na uanamuziki wake umesaidia. Hakuzipanga nyimbo kama anayepanga mafaili ya ofisi. Amezipanga ili sikio lipumzike na kisha liamshwe tena. Sauti ni safi kiasi kwamba unasikia ukucha ukigusa uzi. Katika "Masanga" gitaa linatangulia peke yake. Kidole gumba kinashika nyuzi nene, kidole cha shahada kinacheza kwenye nyuzi nyembamba, na msikilizaji asiyejua atadhani ni magitaa mawili. Sauti ya Mwenda inakuja baadaye, ya taratibu, ya mtu asiyetaka kulizidi gitaa lake. Kumpa msikilizaji wa leo jambo hilo likiwa zima ni kazi ya heshima. Aidha, Baird amewataja wapigaji kwa majina, ambapo wakusanyaji wengine wengi waliridhika kuandika jina la kabila tu.

Sasa nieleze ninapotofautiana naye. Jina la diski linasema "chimbuko la muziki wa gitaa". Jina hilo limekwisha kuamua nini kisikilizwe kabla hatujasikiliza. Nyimbo hizi ni gitaa, lakini pia ni lugha: nyingi kati ya nyimbo za Mwenda zimeimbwa kwa Kiswahili, na zimebeba habari za wanawake na wanaume, za mji na kazi, za aibu na mapenzi. Mwanafunzi wa Kiswahili akishika diski hii, ataelezwa mengi kuhusu vidole na machache kuhusu kinywa.

Baird si wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, David Rycroft aliandika uchambuzi mkubwa kuhusu Mwenda katika jarida la "African Music", na akaonyesha kwa nota jinsi gitaa lile linavyofanya kazi. Makala yake yanaitwa "The Guitar Improvisations of Mwenda Jean Bosco". Mwaka 1979 John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, alifunga safari hadi Shaba kuwatafuta Mwenda na wenzake akina Edouard Masengo na Losta Abelo, akakaa nao, akajifunza, na mwaka 1982 akachapisha shajara ya safari hiyo. Ni kitabu kinachosomeka vizuri, na unaona kwamba mwandishi aliwaheshimu wenyeji wake. Hata hivyo, katika kichwa chake mitindo ya gitaa inatangulia na nyimbo zinafuata. Tracey mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi kuliko tunavyomsema: katalogi yake ya mwaka 1973 inataja lugha, ala na mahali, na mara nyingi inatoa muhtasari wa maana ya wimbo. Lakini muhtasari ni muhtasari. Mwalimu wa fasihi hawezi kufundisha shairi kwa kutumia muhtasari wake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kwa zaidi ya nusu karne wimbo wa Kiswahili ulioshinda tuzo na ndugu zake umesikilizwa hasa kwa nusu. Wakusanyaji na wapiga gitaa waliichukua nusu yao wakaifanyia kazi nzuri. Nusu ya pili ilikuwa ya nani?

Jambo la pili la mwaka 1952

Hapa nawaomba wanafunzi wa historia ya Kiswahili wakumbuke madaftari yao. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili kwa kutumia Kiunguja kama msingi. Makao yake yalihama mara kadhaa, na mwaka 1952 yalihamia Makerere, yakakaa huko hadi mwaka 1962. Miaka miwili baadaye kazi yake ikarithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam, taasisi ambayo wengi wetu tumelelewa na vitabu vyake.

Basi katika mwaka huo huo mmoja, mambo mawili yalitokea katika maisha ya lugha hii. Makerere, wataalamu walikuwa wakifungua masanduku ya vitabu na kuendelea kuamua maneno na tahajia ya shule. Likasi, kijana alikuwa akiimba Kiswahili ambacho hakuna kamati iliyokiamua, na kikanaswa na kusafiri kwenye santuri hadi Nairobi na kwingineko. Mashirika mawili yalikuwa yakitoa hukumu: moja likisema hiki ndicho Kiswahili bora, jingine likisema huu ndio muziki bora. Kila moja lilikuwa na sikio moja.

Sisemi kwamba usanifishaji ulikuwa kosa. Mimi ninakula mkate wake. Bila Kiswahili sanifu nisingeweza kutoka Bujumbura nikaenda Dar es Salaam kusoma shahada ya uzamili na kuelewana na kila mtu darasani. Ninachosema ni kwamba tulipopewa kipimo cha kuandikia, tukakigeuza kuwa kipimo cha kusikilizia. Kilichokuwa nje ya kipimo tukakiita kibovu, na kibovu hakichambuliwi, husahihishwa tu.

Kiswahili cha Katanga kina kanuni zake

Tuchukue mambo machache ambayo kila mtafiti wa Kiswahili cha Katanga ameyaona. Ngeli ya watu katika wingi hutumia kiambishi ba-, hivyo husemwa "batu" na "batoto". Katika umoja kiambishi ni mu- chenye irabu yake kamili: "mutu", "mutoto", "muke". Udogo huonyeshwa kwa ka- na tu-, yaani "katoto" na "tutoto", mahali ambapo sisi tungeandika "kitoto" na "vitoto". Kitenzi huweza kuchukua -ak- mwishoni kuonyesha jambo la mazoea au la zamani. Neno "njo", lililotokana na "ndiyo", hutumika kukazia.

Mwalimu akiwa na kalamu nyekundu ataona hapo makosa matano. Mwanaisimu ataona mfumo. Kiluba, Kisanga na Kibemba, lugha za majirani wa Kiswahili huko Katanga, zote zina viambishi vya namna hiyo, na wanafunzi wetu hapa Burundi hawahitaji kwenda mbali, kwa kuwa Kirundi chetu nacho kina "abantu", "akana" na "utwana". Wazungumzaji hawakukivunja Kiswahili. Walikipokea wakakikalisha nyumbani mwao, kama vile Waswahili wa pwani walivyokipokea Kiarabu wakakikalisha kwao.

Tena kuna jambo la kifasihi ambalo wapenzi wa ushairi watalifurahia. Mwenda ana wimbo uitwao "Kijana Muke". Kwa mujibu wa sanifu tungeandika "mke". Ukihesabu mizani kwa kanuni tulizojifunza, "mke" ina mizani mbili, kwa sababu "m" ile ni silabi, na "muke" ina mizani mbili vilevile. Hesabu ni ile ile. Lakini jaribu kuimba. Ile "m" peke yake huwezi kuivuta ila kwa kufumba mdomo na kuguna. Ile "mu" unaweza kuivuta, kuipandisha, kuishusha na kuikabidhi kwa gitaa. Mwimbaji mwenye "muke" na "mutoto" ana irabu ya kuimbia pale ambapo mwimbaji mwenye "mke" na "mtoto" ana mlango uliofungwa. Sauti ile ya taratibu ambayo wapiga gitaa wameisifu kwa miaka mingi, ikienda sambamba na vidole bila kukatika, imesaidiwa na sarufi. Huwezi kuueleza uzuri huo kwa kuchambua gitaa peke yake, wala kwa kumsahihisha mwimbaji.

Wala haikosi ushahidi wa maandishi. Johannes Fabian alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi Kiswahili kilivyofanywa lugha ya kazi katika Katanga ya wakoloni, na mwaka 1990 akachapisha historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav na wenzake waliokuwa watumishi wa nyumbani. Waliiandika kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kuomba ruhusa ya kamati yoyote. Kazi hiyo na nyimbo za Mwenda zinapaswa kukaa kwenye rafu moja.

Ungamo la mwandishi

Sasa ninalazimika kusema kwa nini jambo hili linanigusa, na naomba msomaji anivumilie.

Babu yangu mzaa mama alikwenda Katanga kutafuta kazi akiwa kijana, akarudi kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Alirudi na vitu vitatu: baiskeli, gramafoni na Kiswahili. Baiskeli sikuikuta. Gramafoni niliikuta, nyumbani Buyenzi, pamoja na santuri chache nzito ambazo sisi watoto tulikatazwa kuzigusa. Jioni alikuwa akiweka moja ya Mwenda, na baada ya hapo alikuwa akisimulia habari za migodi, treni na wenzake, kwa Kiswahili chake cha huko.

Mimi nilipoingia darasa la lugha na kuanza kusifiwa kwa Kiswahili changu, nikawa ninamsahihisha. Akisema "batu", nasema, "Babu, si batu, ni watu." Akisema "tutoto", nasema, "Ni vitoto, Babu." Mwanzoni alicheka, akaniita mwalimu. Baadaye akaacha kucheka. Baadaye tena nikaona kwamba habari za Katanga anawasimulia wenzake tu, na mimi anasema nami kwa Kirundi. Hakunigombeza. Aliniondolea tu mzigo wa kumsahihisha.

Santuri zile hazikuvuka miaka ya 1990, na babu naye hakuvuka. Miaka mingi baadaye, nikiwa masomoni Dar es Salaam, mwanafunzi mwenzangu aliweka diski ya Baird chumbani kwake wakati tunajiandaa kwa mtihani wa isimujamii. Yeye alisikiliza gitaa, akasema ni zuri ajabu. Mimi nilisikia mtu anayesema "mu" na "ba" kama yalivyosemwa kwetu jioni. Kesho yake katika mtihani nikaulizwa nieleze tofauti ya lahaja na makosa ya matumizi. Nilijibu vizuri na nikapata alama nzuri. Lakini jibu lenyewe nililikosa miaka ishirini kabla, na aliyekuwa akinitahini wakati ule hayupo tena.

Ndiyo maana sioni haki kuwalaumu wakusanyaji peke yao. Wao walikuja kutafuta gitaa, wakalipata. Sisi tulikuwa na lugha nyumbani, tukaifukuza.

Hoja ya wapinzani

Najua baadhi ya wenzangu watauliza: je, hatutawachanganya wanafunzi? Mwanafunzi wa Burundi anapambana tayari na Kirundi na Kifaransa. Tukimwambia kwamba "batu" nayo ni Kiswahili, si ataiandika kwenye mtihani?

Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Jibu langu ni kwamba mwanafunzi tayari anaisikia "batu" sokoni na kwa jirani aliyetoka Uvira au Bukavu. Tusichomwambia ni lini itumike na wapi. Kumfundisha sajili na lahaja si kumruhusu aandike anavyotaka. Ni kumpa uwezo wa kuchagua. Mtihani utabaki kuwa wa Kiswahili sanifu. Ila somo halipaswi kuishia kwenye mtihani.

Isitoshe, historia inatupa mfano. Masengo na Mwenda walipofika Nairobi miaka ile ya 1950 hakuna aliyewadai kamusi. Santuri zao zilinunuliwa, wapiga gitaa wa Kenya wakaiga vidole vyao, na watu wakaelewa walichoelewa. Umoja wa lugha hii haukuletwa na vitabu peke yake. Na tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jambo hili si la historia tu. Mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wameingia katika Jumuiya wakiwa na "batu" yao. Tukiwapokea kwa kalamu nyekundu watafanya kama alivyofanya babu yangu: watanyamaza kwa adabu.

Mapendekezo kwa walimu na wanafunzi

Napendekeza idara yetu iwe na tathmini ya mwaka ya aina yake, tofauti kidogo na ile ya wakusanyaji. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili achague wimbo mmoja wa zamani wa Kiswahili, wa Katanga, Bujumbura, Kampala, Nairobi au popote pale, kisha afanye kazi zifuatazo.

Kwanza, anukuu maneno yote jinsi yalivyotamkwa, bila kusahihisha hata kiambishi kimoja. Kazi hii ifanywe na wanafunzi wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Pale watakapotofautiana ndipo penye somo. Pili, aandike kanuni anazoziona: ngeli, viambishi, njeo, maneno ya mkopo. Akikuta jambo linarudiwa mara tatu kwa namna ile ile, asiliite kosa mpaka athibitishe. Tatu, ampelekee mtu mzima anayeijua lugha ile, amsikilizishe, na aandike anachoambiwa. Nne, aandike hukumu yake yenye sababu: wimbo huu ni bora au si bora, kwa nini, na lugha yake imechangia nini katika ubora huo.

Tukifanya hivyo kwa miaka mitano tutakuwa na mkusanyiko ambao hakuna mkusanyaji wa Ulaya anaoweza kuwa nao, si kwa sababu sisi ni hodari kuliko wao, bali kwa sababu nusu hii ya kazi inahitaji mtu aliyelelewa ndani ya lugha.

Hukumu yangu ya mwaka

Kwa kuwa nimewachambua watoa hukumu, sina budi kutoa yangu. Mwaka huu nimesikiliza diski nyingi, za zamani na mpya. Iliyo bora kwangu ni hii ya Baird yenye nyimbo za Mwenda. Naipa nafasi ya kwanza kwa ajili ya uaminifu wa sauti yake, kwa majina ya wapigaji aliyoyahifadhi, na kwa sababu imetuachia sikio wazi ili sisi tumalizie kazi. Ninaipunguzia alama kwa ukimya wake kuhusu maneno, na alama hizo hizo ninaipunguzia idara yangu, nikianza na mimi mwenyewe. Tracey aliusogeza mkono wake wenye maikrofoni kutoka kwenye gitaa hadi kwenye kinywa cha mwimbaji, akaurudisha. Sauti zote mbili zimo ndani ya santuri. Anayeacha moja ni msikilizaji.

Muhula ujao tutaanza kusikiliza pamoja katika kipindi cha isimujamii. Mwanafunzi mwenye babu au bibi aliyeishi Katanga na amwombe aje darasani atusimulie kwa Kiswahili chake. Tutamwandalia kiti na chai. Kalamu nyekundu nitaiacha ofisini.